Neno Moja, Ng'ombe Mmoja

Jambo zima liligharimu mtamba mmoja mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, siku mbili za kufunga duka, na karanga za shilingi mia tano. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau karanga.

Ninauza vitanda na makabati yaliyotumika pale Nyakato. Ni kazi inayomfundisha mtu kuamini macho yake kabla ya masikio. Ukiletewa kabati unahesabu milango, unahesabu bawaba, halafu unazirudia bawaba, kwa sababu aliyekuletea naye alizihesabu kabla hajaja. Kwa hiyo mdogo wangu alipotaka kuoa, hakuna aliyeuliza nani awe mshenga. Baba zetu wadogo walinitazama wote kwa pamoja, kama watu wanaotazama ngazi wakati taa imeungua.

Mdogo wangu ni fundi mitambo kiwandani. Binti ni mwalimu wa shule ya msingi, kwao ni karibu na Kisesa. Walikuwa wameshazungushana miaka minne, na binti amechoka. Alikuwa ameombewa uhamisho wa kwenda Musoma, barua iko mezani, na alimwambia mdogo wangu bila kupandisha sauti kwamba mahari isipofungwa mwezi huo anasaini na kuondoka, na asimfuate. Mdogo wangu alinieleza hayo akiwa amekaa kwenye kitanda cha tano kwa sita ambacho nilikuwa najaribu kukiuza. Mteja alisubiri mpaka amalize kulia, kisha akaomba apunguziwe, kwa kuwa godoro lilikuwa limelowa.

Nikaenda. Baba wa binti ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Nilimpa shikamoo yake, akaniitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama nimesafiri salama. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nimetoka Nyakato tu. Wazee wake walikaa upande ule, wangu upande huu, katikati kikatandikwa kipande cha mkeka. Kwao bado wanatumia vijiti: kijiti kimoja ng'ombe mmoja. Wao wanaviweka, sisi tunavirudisha kwa heshima na maneno matamu, wao wanavileta tena kwa masikitiko.

Walianza na ishirini. Nilivihesabu, nikavihesabu tena, nikaomba radhi, nikachukua viwili na kuviunganisha mbele yao. Kilikuwa kijiti kimoja kimevunjika. Ng'ombe wa kwanza akaanguka kwa njia hiyo, bila hata hotuba. Mzee alivua miwani, akavitazama vile vipande, akacheka kwa pua. Mpaka jioni tulikuwa tumefika kumi na nne, na tukakubaliana kurudi baada ya majuma mawili kufunga na kunywa.

Sasa sababu mojawapo ya mzee kulegea haikuwa ufundi wangu. Ilikuwa ngoma.

Sisi Wasukuma tuna pande mbili za ngoma, tangu enzi za mababu. Sitazitaja kwa majina. Msukuma anazijua, na asiye Msukuma hazitamsaidia. Mtu anazaliwa na upande wake kama anavyozaliwa na ukoo. Baada ya mavuno pande hizo hushindana, na zinacheza kwa wakati mmoja, kila moja na duara lake, kwenye uwanja uleule. Mshindi si aliyecheza vizuri. Mshindi ni aliyejaza watu. Watazamaji wako huru kwenda watakako, na miguu yao ndiyo kura. Kwa hiyo ukiondoka kwenye duara moja kwenda jingine, hata kama umefuata maji ya kunywa, umewanyang'anya hawa mmoja na kuwaongezea wale mmoja. Hiyo ni tofauti ya wawili. Mtu wa hesabu anapaswa kuliona hilo.

Mzee alikuwa katibu wa kikundi cha upande wake, na kwa bahati njema nyumba yetu ni ya upande huohuo. Wakati tunaagana alinishika mkono akauzuia. Akaniambia mashindano ni Jumapili ya wiki inayofuata, Bujora, na kwamba mwaka uliopita walishindwa kwa watu wachache sana.

"Njoo usimame na watu wako," alisema. "Sihitaji ucheze. Simama tu."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Kusimama. Katika maisha yangu sijawahi kupewa kazi rahisi kuliko hiyo, na nimewahi kulipwa kulinda kabati lisilo na milango.

Jumapili nilifika mapema, nikasimama. Kikundi chetu kilitoka na majembe. Vijana walirusha majembe hewani, yakazunguka, wakayadaka kwa miguu, ngoma zinaita hadi kifua kinajibu. Watu wakajaa. Mzee alikuwa akizunguka nyuma ya duara na daftari, akiwasogeza watu wakae kwa nafasi ili waonekane wengi. Nikaanza kuwahesabu. Sikutumwa, ila mikono ikikosa bawaba inatafuta kitu kingine. Nilihesabu kwa kofia, kumi kumi. Nikapata mia tatu na arobaini. Nikarudia, safari hii na watoto wa mgongoni, nikapata mia tatu na sabini na mbili. Nikafurahi. Halafu furaha ikaniishia, kwa sababu mia tatu na sabini na mbili ni nyingi kuliko nini? Hesabu ya upande mmoja ni nusu ya hesabu. Huwezi kununua kabati kwa kuangalia mlango wa kushoto.

Kutoka pale nilipokuwa sikuwaona vizuri wale wa pili. Vumbi. Nikajiambia nitasogea kidogo. Nikasogea kidogo mara nyingi, mpaka nikajikuta mita chache kutoka duara lao, nimesimama karibu na mama mmoja anayeuza karanga kwenye beseni.

"Ngosha, karibu," akaniambia, kama anavyoitwa mwanaume yeyote kwetu. "Huku ndiko kwenye watu."

Nikamweleza kwamba mimi si wa huku, nahesabu tu, naondoka.

"Wote walikuja kuhesabu," akasema, akanipimia karanga ambazo sikuagiza.

Nilizilipia kwa sababu zilikuwa zimeshafungwa. Nikaanza kofia. Nimefika mia moja na tisini, wakamleta chatu.

Naomba nieleweke. Nimeona chatu wengi kwenye ngoma. Ila huyu walikuwa wamemvalisha tai. Tai ya bluu yenye mistari, imefungwa vizuri kabisa kuliko yangu ya harusini. Wakamweka juu ya meza ya mwanafunzi, mbele yake karatasi na muhuri. Mchezaji mmoja akaja amejikunja, kofia mkononi, akapiga magoti akimwita mheshimiwa mtendaji, anaomba barua ya utambulisho apeleke benki. Chatu akamtazama, akatoa ulimi, akageuza kichwa. Mchezaji akatugeukia: "Anasema nirudi kesho." Akatoka akizunguka duara kwa hatua za ngoma, mara ya pili akarudi na kuku. Chatu akasogea. Ngoma zikapasuka. Mchezaji akatangaza kwamba mheshimiwa sasa yuko kwenye kikao.

Nilicheka mpaka karanga zikanitoka mkononi. Nimeshatumia miezi mitatu ya maisha yangu nikitafuta barua kama ile, na sikuwa na kuku. Nilipiga makofi. Nilijipiga magotini. Kofia nilizozihesabu zikapotea zote kichwani, ikabidi nianze upya, na kuanza upya kunahitaji mtu akae. Nilikaa pengine nusu saa. Nilipokumbuka nilikotoka, waamuzi walikuwa wameshanyanyua mikono kuelekea upande ule niliokuwa nimesimama. Wale wameshinda. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilirudi kwa kuzunguka nje ya uwanja, nikatokea nyuma ya mzee nikiwa na uso wa msiba. Aliandika kitu kwenye daftari bila kunitazama. Nikajua hakuona.

Hakuona siku hiyo. Jumanne video ikaingia kwenye simu za watu. Mtu alikuwa amemrekodi chatu na tai yake, na chatu akawa maarufu kuanzia Magu mpaka Sengerema. Nyuma ya chatu, katikati kabisa, kama picha iliyotengenezwa kwa ajili yake, kuna mwanaume mwenye shati la njano anacheka hadi jino la mwisho. Mdogo wangu alinitumia. Hakuandika neno lolote chini yake. Aliweka nukta moja.

Nikafikiria nisiende kwenye kikao cha pili. Ila mshenga habadilishwi katikati, labda afe, na nilikuwa mzima wa afya. Tena barua ya Musoma ilikuwa bado mezani. Nikafunga duka kwa siku ya pili, nikaenda. Mdogo wangu alikaa nje chini ya ukuta, kwa kuwa bwana harusi haruhusiwi kusikia anavyouzwa.

Mzee hakuweka vijiti. Aliweka simu juu ya mkeka, akavaa miwani, akaiacha icheze mwanzo hadi mwisho. Wazee wake walicheka pale penye kuku, kisha wakakumbuka na kunyamaza.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Nikasema anafanana na mimi.

Akasema neno moja. Disloyal. Alilisema taratibu kama anavyoliandika ubaoni, kisha akaniuliza kama nalijua. Nikamwambia nimewahi kulisikia, maana yake msaliti. Baba yangu mdogo aliyekaa kulia kwangu akanikanyaga mguu, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma ya mwalimu. Akasema hapana, nisijipandishe cheo. Msaliti anapanga, anakutana na adui gizani, analipwa. Kwa huyo Kiingereza kina neno lake, treacherous, na mimi sikulistahili, maana sikulipwa na hata karanga nilinunua mwenyewe. Hilo la karanga alilijuaje, mpaka leo sijui. Kisha kuna unfaithful, ambalo ni la mume na mke, na akasema anatumaini hatalihitaji katika nyumba hii. Lakini disloyal ni mtu wa kawaida. Hana chuki na watu wake. Hajapata faida yoyote. Ana kifungo fulani na watu, miguu yake inajua inapopaswa kusimama, kisha inasimama kwingine kwa sababu kwingine kuna raha.

Mmoja wa wazee wake, mchungaji wa ng'ombe aliyekuwa kimya tangu kikao cha kwanza, akataka kujua kama ng'ombe wake anayelala kwenye zizi la jirani naye ni hivyo.

"Ng'ombe hakuahidi," mzee akajibu.

Yule akauliza tena: je, Mkristo anayeacha parokia yake akasali parokia ya pili kwa sababu mahubiri ya kule ni mafupi? Mzee akasema huyo ndiye hasa, mfano mzuri sana. Wazee wawili wakatazama chini.

Niliona tunazama, nikafanya ninachokijua. Nikamwambia mzee kwamba neno lake ni zuri, sina ubishi na ubora wake, lakini ni zito kwa mzigo wangu. Nusu saa tu. Hakuna dogo kidogo?

Akanitazama juu ya miwani. Nadhani katika miaka yake yote ya kufundisha hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwomba apunguze neno.

"Lina bei yake hilo," akasema. "Disloyal ni mtamba mmoja, juu ya wale kumi na nne."

Nikauliza yapo mengine. Akafikiri. Akasema lipo fickle, la mtu asiyetulia, leo huku kesho kule. Hilo angeliachia kwa mbuzi. Nikasema nalichukua. Nikanyoosha na mkono.

"Umevuka uwanja ule mara ngapi maishani?"

"Mara moja, mzee."

"Basi si fickle. Fickle huvuka kila siku. Wewe ulikuwa mtu wa kutegemewa, ndiyo maana lile kubwa linakutosha."

Nimejadili bei na watu wa Bukoba, na Wajita, na mama mmoja wa Kihaya aliyenirudisha mara nne kwa stuli. Sijawahi kushindwa kwa sababu ya tabia yangu njema. Kwa dakika nzima nilijuta kwa nini sikuvuka mara nyingi zaidi.

Baba yangu mdogo akaomba tutoke nje kushauriana. Mdogo wangu alikuwa palepale chini ya ukuta. Nilimweleza. Akauliza kama mzee amekataa ndoa. Nikasema hajakataa, ameongeza. Akasema kubali. Nikamwambia aniachie saa moja tu, namsoma mzee, naona amelegea kwenye mbuzi. Akanishika shati.

"Kaka, kubali. Ukianza kuhesabu tena nitakufa."

Tukarudi, nikakubali. Vijiti vikawekwa, kumi na tano. Nilivihesabu mara moja, siku hiyo, na kila mtu aliona. Mzee akanipa mkono, akasema kwa Kiswahili safi kwamba yeye hana kinyongo, neno limeshalipiwa, na mwakani tutasimama pamoja. Binti alipoambiwa alichana barua ya Musoma vipande viwili, kisha akavihifadhi vyote, kwa sababu ni mwalimu na anajua karatasi haitupwi kabla ya harusi.

Wakati wa kuondoka mama mkwe wa mdogo wangu alinisindikiza. Wazee wangu na mdogo wangu walikuwa wametangulia barabarani. Ni mwanamke mfupi, mpole, ambaye siku zote mbili alikuwa ameingia na kutoka na chakula bila kusema zaidi ya karibuni. Tulipofika kwenye ua wa mkonge akasimama.

"Mwanangu," akasema, "asante kwa kuwa mpana."

Sikuelewa. Nikamwambia mayu, mama yangu, sijakusikia vizuri.

"Ungekuwa mwembamba ningeonekana. Nilikuwa nyuma yako."

Kisha akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayetaja mahali pa kuchota maji. Kwao alikozaliwa ni upande ule wa pili. Alipoolewa alivuka kumfuata mume, na kwa miaka thelathini na saba amesimama kwenye duara la mume. Ila kila mwaka, ngoma za kwao zikikolea, husema anakwenda kununua karanga. Anakaa kidogo, anacheza mabega kidogo, anarudi. Yule mama wa beseni ni binamu yake. Mwaka huu alinikuta pale, akajibanza nyuma ya shati la njano. Aliomba kitu kimoja: nisimwambie mzee, kwa kuwa mzee ana neno kwa kila kitu, na hilo nililopewa mimi hangependa kuitwa nalo baada ya miaka yote hiyo.

Nikaahidi. Usiku huo niliitazama video, nikaitazama tena. Kwenye bega langu la kushoto kuna ncha ya kitenge cha kijani, inapanda na kushuka kwa mdundo. Ukijua, unaiona. Usipojua, ni mimi tu ninayecheka.

Harusi ilifungwa, misa ilikuwa fupi, chakula kilitosha na kubaki. Wale kumi na nne walitoka kwenye zizi la baba na kwa baba zetu wadogo. Yule wa kumi na tano hakuwa na zizi. Mdogo wangu alimnunua mnadani kwa mshahara wake, na sasa anamtaka kwangu. Anasema yeye hakuvuka uwanja. Hoja yake ni nzuri, nimeipekua pande zote sikuona ilipovunjika. Nimempa kitanda cha tano kwa sita na kabati la milango mitatu. Kitanda amekichukua, lakini anasema si malipo, ni zawadi ya harusi.

Ninao uwezo wa kulimaliza deni la mtamba huyu kwa dakika moja. Naichukua simu, nakwenda kwa mzee, namwonyesha bega la kushoto. Mtu mwenye haki ataona kwamba kama kusimama nusu saa ni ng'ombe mmoja, basi nyumba yake mwenyewe inadaiwa ng'ombe thelathini na saba, na angefurahi tu kunirudishia wangu nikanyamaza. Ni biashara nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Na mama yule ameniamini kwa ajili ya shati langu.

Nimeandika haya kwa Kiswahili kwa kuwa mzee, tangu astaafu, hasomi kisichokuwa cha Kiingereza. Mdogo wangu hasomi kirefu kuliko ujumbe wa simu. Kwa hiyo nabaki na ninyi. Aliyewahi kuwa mshenga, au aliyewahi kutunza siri ya mama mkwe wa ndugu yake, anishauri: nimlipe mdogo wangu mtamba bila kumwambia sababu, ama kuna namna ya kumfanya mama mwenyewe, kwa hiari yake na polepole, anichangie angalau miguu ya nyuma?